Bogenvilia naikata kila baada ya wiki mbili na haitoi ua hata moja, nakosea wapi?

Kisiki Kikavu
Wakuu habari zenu. Naomba nisichekwe maana hili swali nimelibeba huu mwaka wa tatu. Nina bogenvilia imepanda ukutani, ile ya zambarau, siku naichukua ilikuwa bado kwenye mfuko na ilikuwa na maua mpaka majani huyaoni. Nikaipanda, namwagilia asubuhi na jioni, samadi naipa bila ubahili, na kila baada ya wiki mbili napita na ule mkasi mkubwa wa kukatia michongoma nainyoosha mpaka inakaa flati kama imepigwa pasi. Kijani chake sasa, inang'aa! Ila ua hakuna. Mwaka wa kwanza nikasema bado mtoto, wa pili nikasema inajipanga, sasa wa tatu mama watoto anasema ng'oa tufunge kamba ya kuanika nguo. Kinachoniuma zaidi kuna nyingine iko kwenye nyumba iliyohamwa, hakuna anayeimwagilia wala kuigusa, na inawaka kama moto. Nakosea wapi?

Jani Bichi
Naweka kiti hapa nasubiri wajuvi, tatizo ni hilo hilo kwangu

Mchokozi
Funga kamba mkuu. Mama watoto ameshatoa hukumu wewe unakuja kukata rufaa huku

Mzee wa Mkasi
Kisiki using'oe kitu. Swali lako umeshalijibu mwenyewe ila umelijibu katikati ya sentensi ukapitiliza. Umesema "kila baada ya wiki mbili". Basi ni hapo.

Bogenvilia inatoa ua kwenye tawi jipya, tena kule mwishoni. Ukikata leo, jicho lililo chini ya ulipokata linaamka, linatoa tawi, tawi linarefuka, linakomaa kidogo, ndipo lianze kuweka ua. Hiyo safari ni wiki 6 mpaka 8, mara nyingine zaidi kama jua hafifu. Wewe wiki ya pili umeshafika na mkasi wako. Yani kila mmea ukitaka kukuletea chakula mezani unampiga teke mhudumu akiwa bado jikoni. Miaka mitatu unapiga teke.

Na ile ya nyumba iliyohamwa inachanua kwa sababu hakuna anayeikata kabla ya wakati, hakuna anayeilowesha kila siku, na hakuna anayeilisha. Vitu vitatu, na wewe unafanya vyote vitatu kinyume.

Kisiki Kikavu
Mzee umenimaliza. Kwa hiyo nisikate kabisa?

Mzee wa Mkasi
Sijasema hivo. Usipokata kabisa miaka ikienda inakuwa pagale, chini kumebaki mashina matupu na miiba, maua yote yamehamia juu ya paa anayafaidi ndege peke yake. Kukata ni lazima. Swali ni lini na wapi.

Lini: subiri ichanue, maua yakianza kupauka na kudondoka, HAPO ndio unakata. Yale matawi yaliyokuwa na maua unayarudisha nyuma, theluthi hivi au nusu ya urefu wake, alafu unaweka mkasi chini unauacha. Ikichanua tena ikamaliza unakata tena. Sehemu zenye joto mwaka mzima inaweza kukupa mizunguko kadhaa kwa mwaka. Wenye baridi kali wao wanakata kwa nguvu mara moja mwishoni mwa baridi kabla haijaamka.

Wapi: sio popote mkasi unapoangukia. Tafuta jicho, pale jani lilipokutana na tawi, kata juu yake kidogo tu, kama nusu sentimita, mshazari. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kinakauka na kuoza (samahani kwa jina lako). Na chagua jicho linalotazama upande unaotaka tawi jipya liende. Ukitaka liende kulia kata juu ya jicho la kulia. Huo mkasi wa michongoma haujui jicho wala pua, unafyeka tu, ndio maana unaishia na ganda la majani kwa nje na ndani giza tupu.

mama_vichaka
Mzee wa Mkasi amesema vizuri ila ameruka kitu kimoja ambacho mimi kilinisumbua muda mrefu. Kuna yale matawi yanayotoka ghafla, manene, yamenyooka yanapaa juu kama antena, kwa muda mfupi yameshapita urefu wa mtu. Nilikuwa nayaonea fahari kweli, nasema jamani mmea wangu una nguvu. Kumbe hayo ndio wanyonyaji. Angalieni vizuri mtaona yana miiba mirefu na hayana ua hata la kusingizia.

Na hapa kuna jambo linanifurahisha kila nikilikumbuka: mwiba wa bogenvilia na ua la bogenvilia vinaanzia sehemu moja. Ni kiungo kimoja, pale kwenye kikwapa cha jani. Mmea ukiwa unakimbilia kurefuka kile kiungo kinageuka mwiba, ukitulia kinageuka kishada cha maua. Yani kila mwiba unaokuchoma ni ua ambalo halikuwa. Sasa ukiujaza maji na samadi unakimbia tu, kazi yake kutengeneza miiba.

Antena hizo mimi nazikata fupi kabisa, nabakiza macho mawili matatu. Zikichipua tena kutoka hapo zinakuja na matawi madogo ya pembeni yaliyotulia na hayo ndio yenye maua. Au kama nina nafasi ukutani siikati, nailaza.

Jani Bichi
Unailaza vipi dada? Fafanua kidogo

mama_vichaka
Unaivuta ikiwa bado laini unaifunga kwa ulalo kwenye waya au kichanja. Tawi likisimama wima ile ncha ya juu inatawala, inateremsha homoni inayoyaambia macho ya chini yalale. Ukililaza ule utawala unapungua, macho yanaamka kwa mstari, kila moja linatoa kitawi chake, na kila kitawi kina ua. Tawi lile lile, ila badala ya ua moja kichwani unapata safu nzima. Wenye waridi la kupanda ukutani wanaujua huu mchezo vizuri.

Ila usisubiri ligeuke mti, likishakuwa gumu ukilivuta linavunjika kwa mlio unaoumiza moyo.

Ukuta Mweupe
Hapo kwenye kufunga niongeze: bogenvilia haijui kupanda yenyewe. Haina vikono vya kujisokota kama pasheni na haina mizizi ya kung'ang'ania ukuta. Inaegemea tu na kujishika kwa miiba. Kwa hiyo kama ukuta wako ni laini na haujaweka waya siku upepo ukija wote unalala chini, mimi nilishauona mzima mzima umelala juu ya gari. Pigeni waya za ulalo, kila futi moja na nusu hivi, ziachane na ukuta kidogo hewa ipite. Funga kwa vitambaa laini kwa mtindo wa namba 8, kitanzi kimoja kishike waya kingine tawi, sio ukaze waya moja kwa moja kwenye gome utalinyonga

Bi Yasmini
Jamani naomba msije mkawapotosha watu wenye mimea mingine maana mimi nilisoma ushauri kama huu wa "kata kwa nguvu kabla ya msimu" nikaenda nao kwa asumini yangu ya kupanda, ile ambayo kitumba chake kina wekundu kwa nje kikifunguka ni cheupe na harufu inajaa nyumba nzima. Nilikata yote wakati wa baridi, safi kabisa, nikajipongeza. Nikasubiri maua. Nikasubiri. Msimu mzima sikupata hata kishada kimoja, kumbe ile asumini vitumba vyake vilikuwa vimeshakaa kwenye matawi niliyoyatupa jalalani. Mwaka mzima umeenda hivi hivi kwa nusu saa ya mkasi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "mimea yote inakatwa kabla ya msimu" damu inachemka.

Mzee wa Mkasi
Pole Bi Yasmini na asante maana hapo ndio kiini cha uzi wote. Kabla hujagusa mkasi uliza swali moja tu: huu mmea unachanua kwenye tawi la mwaka huu au la mwaka jana?

Kama ni tawi jipya (bogenvilia, alamanda, tarumbeta zile za rangi ya chungwa, pasheni nyingi) kata kabla haijaanza kuamka, au baada tu ya mzunguko wa maua. Hutapoteza kitu, tena unauongezea matawi mapya.

Kama ni tawi la zamani, kata MARA TU maua yanapoisha, siku hizo hizo, usingoje. Maana baada ya hapo mmea unaanza kujenga matawi ya mwaka ujao na ukichelewa unakata maua ambayo bado hujayaona. Asumini yako iko kundi hili.

Kama hujui mmea wako, usikate mwaka mmoja. Kaa uuangalie. Ua likitokea fuata kikonyo chake kwa kidole kurudi nyuma: likiwa limetoka kwenye tawi la kijani laini ni la mwaka huu, likiwa limetoka kwenye gome la kahawia gumu ni la zamani. Hakuna haja ya kumuuliza mtu.

Kilomita Sifuri
Mimi niko kwenye nchi za theluji huku wana klematisi (mmea wa maua unaopanda ukutani) na mambo yake ni hayo hayo ila wameyapa namba. Kundi la 1 linachanua mapema kwenye tawi la zamani, unalipunguza tu likimaliza maua. Kundi la 2 lina maua makubwa, unasafisha kidogo mwishoni mwa baridi, unatoa yaliyokufa na dhaifu. Kundi la 3 linachanua kiangazi kwenye tawi jipya, hilo unalikata lote mpaka sentimita 30 hivi kutoka ardhini juu ya macho mawili yaliyonona, na mara ya kwanza mkono unatetemeka unaona umeua. Halifi, linarudi kwa hasira.

Alafu kuna wisteria, nayo ya kupanda ukutani, maua yake yananing'inia kwa vishada, hii ndio kichwa ngumu. Inakatwa mara mbili kwa mwaka. Mwezi wa 7 au wa 8 zile fimbo ndefu za kijani unazirudisha mpaka majani 5 au 6, mwezi wa 1 au wa 2 wakati imelala unarudi kwenye fimbo zile zile unabakiza macho 2 au 3. (Walio kusini mwa ikweta mgeuze miezi.) Na ikiwa ilipandwa kwa mbegu jiandae, inaweza kufika miaka 15 au zaidi kabla hujaona ua la kwanza. Jirani yangu alipanda ya mbegu, mtoto amezaliwa, amesoma, ameanza kunyoa ndevu, ua bado.

Mchokozi
Kisiki umesikia? Miaka 15. Wewe mitatu unalia

Kisiki Kikavu
😂😂 Mchokozi niache kwanza. Wakuu nimechukua notisi zote. Maswali: maji sasa niache kabisa? na samadi? na nikishakata nipake nini kwenye kidonda, maana fundi bustani mmoja aliniambia nipake rangi ya mafuta wadudu wasiingie

Mzee wa Mkasi
Maji: mche mchanga mwagilia, mizizi bado. Ukishashika ardhi, miaka mitatu hiyo umeshashika, maji mara chache ila ya kuzama, alafu acha udongo wa juu ukauke vizuri kabla ya kurudia. Ukiona majani yanalegea kidogo mchana usikimbilie ndoo. Kiu kidogo ndio kinachoiambia bogenvilia iache kurefuka ifikirie uzazi. Ya kwenye chungu ndio uiangalie zaidi maana chungu kinakauka mara moja, kiu kidogo ni dawa, kiu kikubwa ni kaburi.

Samadi: simamisha. Ina naitrojeni, kile kirutubisho cha majani, na naitrojeni nyingi ni majani mengi, basi. Jua: ipate masaa 6 kamili kwa siku, la moja kwa moja, sio mwanga wa kivulini. Kama ukuta wako una kivuli cha mwembe nusu siku, huo mkasi wote ni bure.

Rangi kwenye kidonda: hapana. Mmea hauponyi kidonda kama ngozi yetu, unakizungushia ukuta kwa ndani na kukifungia nje. Alex Shigo, mtafiti wa miti wa Marekani, alipasua maelfu ya magogo kwa msumeno kuangalia hilo, na rangi hazikuzuia uozo, nyingine zilifungia unyevu humo humo. Kata safi, siku kavu, acha hewa ifanye kazi.

Ukuta Mweupe
Na kifaa. Mkasi wa makali mawili yanayopishana, mkali, sio ule wa kuminya unaoponda tawi. Tawi likizidi unene wa kidole gumba chukua msumeno mdogo. Ukitoka kwenye mmea mgonjwa futa makali kwa spiriti kabla ya kwenda kwa mzima

mama_vichaka
Glovu za ngozi ndefu, miwani, mikono mirefu. Narudia, MIWANI. Matawi ya bogenvilia ukiyakata yanaruka. Mimi mwiba uliwahi kuniingia kwenye kifundo cha kidole nikautoa nikaona nimemaliza, kumbe ncha imebaki ndani, kidole kilivimba wiki kadhaa mpaka daktari akaja kuifukua. Na kama chanjo ya pepopunda hukumbuki ulichoma lini, nenda. Wenye alamanda ule utomvu mweupe usiguse macho wala mdomo, ni sumu, watoto wakae mbali.

Lingine kabla ya kukata chungulia ndani, ndege wanapenda sana kujenga humo maana paka haingii kwenye miiba. Ukikuta kiota chenye mayai ahirisha.

Jani Bichi
Samahani nje ya mada, bogenvilia ni jina la wapi hili?

Kilomita Sifuri
La Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, alizunguka dunia kwa meli kati ya 1766 na 1769. Mmea wenyewe ni wa Amerika Kusini, mtaalamu wa mimea wa msafara huo, Philibert Commerson, aliuchukua Brazil mwaka 1767. Na msaidizi wake alikuwa mwanamke, Jeanne Baret, aliyepanda meli amevaa kiume kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa. Ndio anayetambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuzunguka dunia. Mizigo na vifaa vya kukusanyia mimea alikuwa anabeba yeye, ila jina akapewa bosi wa meli.

Bi Yasmini
Si ajabu. Na yale ya rangi tunayoyaita maua sio maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua ni kale kadogo keupe katikati, kama kijiti cha kiberiti. Hivo hata hapo kuna mtu anapewa sifa isiyo yake

Kisiki Kikavu
Wakuu nimerudi, najua wengi mlishausahau huu uzi. Ni wiki ya tisa.

Nilichofanya: ule mkasi wa michongoma nimemwazima mtu na sijaudai. Nilisubiri siku kavu nikakata kwa mkono, tawi moja moja, asubuhi nzima, na ndani nilikuta kama mlivosema, giza na vijiti vikavu mzigo mzima. Nikatoa vyote vilivyokufa na vilivyokuwa vinasuguana. Antena nilikuwa nazo saba, tano nikazikata fupi, mbili nikazilaza kwenye waya. Moja ikavunjika. Mama_vichaka ule mlio nimeusikia. Maji nikapunguza mpaka mara moja kwa wiki, samadi marufuku.

Wiki tatu za kwanza ilikuwa aibu tupu, ukuta kama kuku aliyenyonyolewa, kila mgeni anauliza "hii imekufa?" Mkono uliniwasha kusawazisha, nikajizuia. Wiki ya saba nikaona kitu kama wekundu kwenye lile tawi nililolilaza, nikadhani ni jani gonjwa. Leo lile tawi limepanga vishada mstari mzima kama bendera za sherehe! Yale mengine ndio yanaanza. Na ile sehemu ya pembeni ya kushoto yenye kivuli cha bati haina kitu, majani tu, Mzee uliliona hilo bila kufika.

Jani Bichi
Hongera sana mkuu! kesho naingia na mimi

Mchokozi
Na kamba ya nguo je

Kisiki Kikavu
Ndio nilikuwa naelekea huko. Jana natoka kazini nakuta lile tawi langu la mstari limekatwa ncha tano, tano kamili, zimewekwa kwenye glasi ya maji mezani. Nikauliza kwa sauti ya chini kabisa nani kafanya hivi. Mama watoto akasema "si ulinisomea mwenyewe kwamba bogenvilia ikikatwa inaongeza?" Mzee wa Mkasi hapo namjibu nini?

Mzee wa Mkasi
Amekata juu ya jicho au katikati?

Kisiki Kikavu
Nimeenda kuangalia na tochi. Juu ya jicho. Mshazari.

Mzee wa Mkasi
Basi mkasi mpe yeye.